Ubongo laini, serebelamu ndogo: uchambuzi wa kisa cha mtoto wa miezi minane, Dodoma

Usuli

Mtoto wa kike wa miezi minane aliletwa kwenye kliniki ya watoto ya hospitali ya rufaa mkoani Dodoma kutoka kijijini, akiwa na barua yenye mstari mmoja: "Mtindio wa ubongo, alichoka wakati wa kuzaliwa, degedege lisilotulia." Majina, kijiji, tarehe kamili na kila kinachoweza kuitambulisha familia vimeondolewa.

"Alichoka" hapa ni kukosa hewa, lakini kadi ya uzazi haikukubaliana na barua hiyo. Mtoto alizaliwa wiki ya 39 katika kituo cha afya kwa njia ya kawaida, akiwa na kilo 2.8. Apgar, yaani alama za hali ya mtoto anapozaliwa (juu kabisa ni 10), ilikuwa 8 dakika ya kwanza na 9 dakika ya tano. Alilia mwenyewe na hakuwekewa oksijeni. Mzingo wa kichwa ulikuwa sentimita 32.5, mdogo kidogo lakini bado ndani ya kiwango. Shida ilianza kwenye kunyonya: alishika titi kwa udhaifu, akachoka haraka, na mwili wake ulilegea kiasi kwamba ukimpakata, mikono inaning'inia.

Alipofika kliniki akiwa na miezi minane shingo ilikuwa haijakaza. Aligeukia mwanga wa dirisha lakini hakufuata uso wa mama, na macho yalichezacheza bila kutulia. Mzingo wa kichwa ulikuwa umefika sentimita 39.5 tu, karibu kabisa na mstari wa chini kuliko yote kwenye chati ya wasichana wa umri huo. Uzito ulikuwa kilo 6.4.

Wazazi ni mtoto wa shangazi na mtoto wa mjomba. Huyu ni mtoto wao wa tatu. Wa kwanza alifariki akiwa na miezi 14, naye "alikuwa na degedege na hakuwahi kukaa", ila hakuna picha wala karatasi yoyote iliyobaki. Wa pili ni mvulana wa miaka minne, mzima kabisa.

Mlolongo wa matukio

Akiwa na miezi minne mtoto alianza kushtuka. Bibi mzaa baba alisema ni mchango, na dalili zenyewe zilimpa sababu ya kufikiri hivyo: mtoto anaamka, anakunja mwili kama mwenye msokoto wa tumbo, analia, anapumzika, anarudia. Alipewa dawa za mitishamba kwa wiki kadhaa. Alipofikisha miezi mitano na nusu, zahanati ilimwanzishia fenobabito miligramu 30 usiku. Kwa uzito wake hiyo ni karibu miligramu 5 kwa kila kilo, dozi sahihi. Mishtuko iliendelea ileile, isipokuwa sasa mtoto alilala zaidi na kunyonya kidogo zaidi.

Miezi sita alipigwa CT ya kichwa bila dawa ya mishipa. Ripoti ilikuwa na sentensi mbili: ubongo hauna mikunjo ya kawaida, na hakuna madoa ya chokaa. Familia ikaambiwa kwamba ubongo wa mtoto "haujakua", waendelee na dawa.

Kliniki ya rufaa ilianza kwa kumwomba mama aonyeshe anavyofanya mtoto. Mama hakueleza. Alitoa simu. Video ya sekunde 50, iliyopigwa alfajiri kitandani, ilionyesha kichwa kikianguka mbele ghafla na mikono yote miwili ikifunguka kisha ikijikunja kifuani kama anayekumbatia. Inadumu sekunde moja au mbili, inaachia, na baada ya sekunde tano hivi inakuja nyingine. Kwenye video ilihesabika saba, na mama alisema zinaweza kufika 20 kila anapoamka. Hiyo ni mishtuko ya mfululizo ya kichanga, aina ya kifafa yenye matibabu yake tofauti na degedege la kawaida.

Siku hiyohiyo CD ya picha za CT ilifunguliwa upya kwenye kompyuta. Picha za mlalo zilipopangwa upya zionekane kwa ubavu, serebelamu, yaani ule ubongo mdogo wa kisogoni, ilikuwa kipande kidogo kisicho na mistari, na nafasi kubwa ya maji chini yake. Picha zilikuwa zilezile za miezi miwili nyuma.

MRI ilifanyika wiki iliyofuata chini ya mtaalamu wa usingizi. Gamba la ubongo lilikuwa na unene wa milimita 6 hadi 8 (kwa kawaida ni kati ya 2 na 4), laini zaidi mbele kuliko nyuma. Hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, haikuwa imejikunja inavyotakiwa. Shina la ubongo lilikuwa jembamba, na serebelamu ndogo sana, karibu bila mikunjo yoyote.

Kwa nini serebelamu ndiyo ilitoa jibu

Seli za neva za gamba la ubongo hazizaliwi pale zinapofanyia kazi. Nyingi huzaliwa ndani kabisa, kwenye kuta za vyumba vya maji ya ubongo, kisha hupanda kuelekea juu zikifuata nyuzi ndefu za seli za glia kama mtu anayepanda mnazi kwa kuukumbatia. Safari kubwa hufanyika kati ya wiki ya 12 na ya 24 ya ujauzito. Wanaotangulia hukaa chini. Kila kundi jipya hupenya katikati ya waliokwisha kukaa na kwenda kukaa juu yao. Ndiyo maana tabaka la sita hujengwa mapema na la pili mwishoni.

Juu kabisa, kabla hata ya wasafiri kufika, wapo wenyeji: seli za Cajal-Retzius. Kazi yao mojawapo ni kumwaga nje protini kubwa iitwayo reelini, yenye asidi amino zipatazo 3,460. Ili kutoa ujumbe wake, reelini haihitaji kuingia ndani ya seli inayosafiri. Inagusa vipokezi viwili kwenye ngozi ya seli hiyo, VLDLR na ApoER2. Mguso huo huamsha protini ya ndani iitwayo Dab1, ambayo hubandikwa fosfati na vimeng'enya vya kundi la Src, hasa Fyn. Dab1 ikishaamshwa, ncha ya mbele ya seli hushikilia kwa nguvu karibu na uso wa ubongo, na mwili wa seli huvutwa juu hadi mahali pake. Kisha Dab1 iliyotumika huvunjwavunjwa, na ujumbe unaishia hapo.

Reelini isipokuwepo, seli zinaanza safari vizuri lakini hazimalizi. Wapya wanashindwa kuwapita waliotangulia, foleni inajazana chini yao, na tabaka hukaribia kupinduka. Haya yalionekana kwanza kwa panya. Mwaka 1951 Douglas Falconer wa Edinburgh alieleza panya wanaotembea kwa kuyumba, na jeni yenyewe ikapatikana mwaka 1995. Mwaka 2000 ikathibitika kwamba binadamu wanaokosa nakala zote mbili nzima za jeni hiyo, RELN iliyo kwenye kromosomu ya 7, huzaliwa na lisensefali, yaani ubongo laini, pamoja na serebelamu ndogo.

Panya wale waliyumba kwa sababu ya serebelamu, ambako reelini ina kazi nyingine ya upangaji. Seli za Purkinje zinapaswa kujitandaza kwenye safu moja. Zisipofika mahali pake, hazitoi vizuri ishara inayozifanya seli ndogo za tabaka la nje zizaliane kwa mamilioni. Na bila mamilioni hayo hakuna cha kukunja, hivyo serebelamu inabaki kijipande laini.

Linganisha na LIS1, jeni inayohusika na lisensefali nyingi zaidi. Protini yake hufanya kazi na dainini, mota inayovuta kiini cha seli. Hapo ujumbe upo ila injini ndiyo mbovu: gamba hunenepa sana, milimita 10 hadi 20, ulaini ni mkubwa zaidi nyuma, na serebelamu kwa kawaida husalimika au hupungua kidogo tu. Kasoro za DCX, jeni nyingine ya lisensefali, huharibu zaidi mbele, lakini nazo hazifuti serebelamu namna hii. Kwa hiyo mambo matatu ya kwenye MRI, yaani gamba lililonenepa kiasi, ulaini wa mbele na serebelamu isiyo na mikunjo, yalielekeza kwenye njia ya reelini kabla ya tone la damu kutolewa. VLDLR ikiharibika peke yake pia hupunguza serebelamu, ila gamba huwa limerahisika kidogo tu, si kwa ukali wa mtoto huyu.

Maamuzi na sababu zake

*Kutibu mishtuko bila kusubiri EEG (kipimo cha umeme wa ubongo).* Foleni ya EEG ilikuwa ya wiki kadhaa, na kila wiki ya mishtuko ina gharama yake kwa ubongo. Video ilitosha. Predinisoloni, dawa ya jamii ya steroidi, ilichaguliwa kwa sababu inapatikana na bei yake inabebeka. Vigabatrini haikupatikana kwenye famasi yoyote iliyoulizwa. Kabamazepini iliepukwa kwa makusudi, kwani inaweza kuzidisha mishtuko ya aina hii.

Dozi ilikuwa miligramu 10 mara nne kwa siku kwa siku 14, ikiongezwa hadi 20 mara tatu kuanzia siku ya 8 kama mishtuko haijakoma. Vidonge ni vya miligramu 5, kwa hiyo viwili kila mara, vikisagwa kwenye kijiko cha maji. Kabla ya kuanza vilipimwa shinikizo la damu na sukari, hali ya VVU ya mama ikaangaliwa kwenye kadi, na familia ikaulizwa kama kuna mwenye kikohozi cha muda mrefu nyumbani. Chanjo ya surua na rubela ya miezi tisa ilisogezwa mbele hadi wiki nne baada ya kumaliza dawa, maana ni chanjo hai. Hilo liliandikwa kwa kalamu nyekundu kwenye kadi ya kliniki, kwa sababu muuguzi wa kijijini akiona miezi tisa imefika atachanja, na atakuwa ametimiza wajibu wake.

*Kutopima virusi vya CMV.* Maambukizi ya CMV tumboni yanaweza kuvuruga mpangilio wa ubongo, na hoja ya kupima ilitolewa. Ikakataliwa. Kipimo cha mkojo au mate kinachothibitisha maambukizi ya tumboni kinapaswa kuchukuliwa ndani ya wiki tatu za kwanza. Kwa miezi minane, kingamwili kwenye damu zingeonyesha tu kwamba mtoto amekutana na virusi hivyo, kama watoto wengi. Zaidi ya hapo, CT haikuonyesha chokaa pembeni mwa vyumba vya maji. Kwa kutafuta chokaa CT huishinda MRI, hivyo picha ya kwanza haikupotea bure.

*Kupeleka damu nje ya nchi kwa kipimo cha jeni.* Hapa timu haikuwa na kauli moja. Waliopinga walisema matokeo hayatabadilisha dawa hata moja, na walikuwa sahihi. Waliounga mkono waliangalia kaburi la mtoto wa kwanza na umri wa mama, miaka 26. Kipimo kilikuwa cha mama kuliko cha mtoto. Damu mililita 2 ya mtoto na ya kila mzazi ilichukuliwa kwenye chupa ya kizibo cha zambarau, ikatumwa kwa ajili ya kundi la jeni za mpangilio wa ubongo, RELN, LIS1, DCX na VLDLR zikiwemo. Mvulana wa miaka minne hakupimwa. Ni mzima, na kujua kama amebeba nakala mbovu ni haki yake atakapokuwa mtu mzima.

Matokeo

Siku ya 3 mama alipiga simu: mishtuko iko palepale. Alipoulizwa anavyotoa dawa, ilibainika ni mara tatu. Lebo ya famasi iliandikwa "2x4", naye aliitimiza kwa asubuhi, mchana na usiku, na ile ya nne ikakosa mahali. Ikapangwa upya: saa 12 asubuhi, saa 6 mchana, saa 12 jioni, saa 5 usiku. Siku ya 8 mishtuko ilikuwa imepungua lakini ipo, dozi ikaongezwa. Siku ya 11 ikakoma. Dozi ilishushwa kwa siku 15: miligramu 40 kwa siku tano, 20 kwa tano, 10 kwa tano. Jumla ni vidonge 210. Duru ya kwanza famasi ilitoa 112, na nusura viishe katikati ya wiki ya pili, jambo ambalo lingekuwa hatari, kwani mwili uliozoea dawa hii ukikatiwa ghafla unaweza kuzimia kwa kukosa homoni zake wenyewe.

Mtoto alianza kutabasamu wiki ya tano. Wiki ya kumi degedege lilirudi kwa sura nyingine, upande mmoja wa uso na mkono. Levetirasetamu ya maji ilianzishwa kwa miligramu 10 kwa kilo mara mbili kwa siku, ikapandishwa hadi 20. Kwa kilo 7.1 hiyo ni mililita 1.4 ya dawa yenye miligramu 100 kwa mililita. Fenobabito ilipunguzwa taratibu hadi ikaachwa. Sasa anapata degedege mara moja au mbili kwa wiki, na muda mwingi yuko macho.

Alilazwa mara moja kwa nimonia, baada ya kunyweshwa uji mwepesi akiwa amelala chali. Tangu hapo anapewa uji wa uwele uliofanywa mzito kiasi cha kushika kijiko, akiwa ameegemezwa kwenye kona ya ukuta na kanga iliyoviringishwa shingoni.

Majibu ya jeni yalikuja baada ya wiki 11: mtoto ana kasoro ileile kwenye nakala zote mbili za RELN, inayokata protini kabla haijakamilika. Baba ana moja, mama ana moja. Wazazi waliulizwa kama wana kifafa, hasa kile kinachoanza kwa kusikia sauti zisizokuwepo, kwa sababu baadhi ya watu wenye kasoro kwenye nakala moja hukipata. Hawakuwa nacho.

Uchambuzi

Kosa kubwa halikuwa la mashine. Maneno "hauna mikunjo ya kawaida" yalipokelewa kama jina la ugonjwa na msomaji akaacha kusoma, ilhali ni maelezo ya sura tu, kama kuandika "homa" na kufunga faili. Ripoti ya ubongo laini isiyotaja unene wa gamba, upande ulioathirika zaidi, hali ya serebelamu na uwepo wa chokaa haijakamilika. Vyote vinne vinaonekana au kukisiwa kwenye CT ya kawaida. Tahadhari moja kwa wanaopiga ultrasaundi ya utosini: mtoto aliyezaliwa wiki ya 26 ana ubongo ulio laini kihalali, kwa kuwa mikunjo mingi huja miezi mitatu ya mwisho. Hesabu wiki za ujauzito kwanza.

Kosa la pili lilikuwa "alichoka wakati wa kuzaliwa". Mtoto mwenye Apgar 9 hakuchoka, na ubongo huu ulikosea njia miezi minne au mitano kabla ya uchungu kuanza. Sentensi hiyo moja ilimfanya mama ajilaumu kwa miezi minane kwamba alichelewa kwenda kituoni. Alipoelezwa, alichouliza kwanza ni kama amwambie mama mkwe.

Kilichofanya kazi vizuri kuliko chote kilikuwa simu ya mama. Kilichofanya kazi nusunusu ni predinisoloni: ilizima mishtuko, ikampa mtoto wiki za utulivu, lakini haiwezi kuzipanga upya seli zilizokwisha kukaa pasipo pao. Familia iliambiwa hivyo tangu mwanzo, na pengine ndiyo sababu haikukata tamaa degedege liliporudi.

Ushauri wa urithi ulikosea njia mara moja. Baada ya kuambiwa "mmoja kati ya wanne", baba alikokotoa kwa vidole: "Wawili wameshaumwa, basi wanne wajao ni wazima, daktari?" Ilibidi kuanza upya kwa punje nne za mahindi kwenye mfuko, moja ikiwa imepakwa wino: unachomoa moja, unairudisha, unachomoa tena. Kila ujauzito unachomoa kwenye mfuko uleule uliojaa. Alichomoa ya wino mara mbili mfululizo, akacheka kwa uchungu, akaelewa. Bibi naye aliketi kikao hicho, na kusikia kwamba nakala moja imetoka upande wa mwanawe kulimaliza maneno ya nyumbani kuliko hotuba yoyote.

Mama amechagua kijiti cha uzazi wa mpango kwa sasa. Ndani ya kadi yake kumebandikwa karatasi kwa ajili ya yeyote atakayempokea akiwa na mimba: ultrasaundi wiki ya 20 hadi 22, pima upana wa serebelamu, ambao kwa umri huo hukaribiana kwa milimita na idadi ya wiki, usitafute mikunjo ya gamba, kila kijusi ni laini wakati huo, serebelamu ya kawaida haimtoi mtoto hatarini moja kwa moja, rudia wiki ya 28 hadi 32, kasoro ya familia inajulikana, nakala ya majibu ya maabara iko nyuma ya karatasi hii.